Shati Jeupe Chini ya Bagi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, gerejini, hata kwa wakwe zake, aliitwa Sawasawa, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitoa kila alipomaliza kazi. Akishakaza nati ya mwisho, alijifuta mikono kwa tambara jeusi lililozidi kumchafua, akalizunguka gari mara moja, halafu akasema, "Sawasawa." Basi mwenye gari aliwasha na kuondoka bila kuuliza swali.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake, mzee mkali aliyepungukiwa kidole kimoja na kuzidishiwa maneno. Mjomba aliamini kwamba gari hudanganya kwa juu tu: kwa rangi, kwa viti, kwa honi na redio. Tumbo lake halijui kudanganya. "Ukitaka ukweli wa gari, lala chini," alisema kila siku, na mwanafunzi aliyejifanya kuchungulia huku amesimama alichapwa mgongoni kwa tambara la grisi. Basi Sawasawa alilala chini tangu ujana hadi mvi. Mke wake alipenda kusema kwamba migongo ya mashati ya mumewe anaijua kuliko sura yake, maana ndiyo anayoisugua.

Mjomba alipofariki, gereji ikabaki mikononi mwake, naye akaongeza sheria moja ya kwake. Gari lolote lililoguswa breki, usukani au fremu lilijaribiwa kwanza kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nyuma ya mtaa, na fundi aliyelifanyia kazi alikaa kiti cha pembeni ya dereva, apende asipende. "Aliyefunga ndiye anayekaa," alisema. "Ukiogopa kukaa, ujue hukufunga." Mafundi wavivu waliikimbia gereji ile wenyewe bila kufukuzwa. Wateja waliipenda sheria hiyo, na wengine walikuja kwa ajili yake tu.

Mtu mmoja tu hakumwogopa Sawasawa wala kumheshimu, naye ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, mkunga katika zahanati ya juu kule milimani. Walitaniana tangu siku Sawasawa alipokuja kujitambulisha ukweni akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyomkazia vidole. Mkunga hakuwahi kumsalimia kwa adabu hata siku moja. Aliingia gerejini na sare yake nyeupe, ameshika pua, akapaza sauti mbele ya wateja.

"We mzee wa grisi! Bado hujafa?"

"Nife nani aniombolezee? Wewe machozi huna."

"Ninayo, ila namlilia dada yangu. Siku ile anakukubali, sijui macho yake alikuwa amemwazima nani."

Mafundi walicheka hadi spana zikawaponyoka. Sawasawa alijifanya amekasirika, akamrushia tambara, na siku nzima iliyobaki akafanya kazi huku anatabasamu peke yake. Hakuzaliwa na dada. Huyu ndiye aliyempata, na alimpata pamoja na mdomo wake.

Sasa, njia ya kwenda vijiji vya juu ilikuwa imeliwa na mvua hadi yakabaki mawe matupu. Gari la wagonjwa lilifika chini ya mlima likageuza. Akina mama wenye uchungu walibebwa kwa machela na wanaume waliopokezana, na wengine walijifungua njiani, mkunga akiwa amepiga magoti kwenye kokoto. Kwa hiyo aliposikia kwamba mjini kuna bagi lililotumika linauzwa, usingizi ulimpaa. Bagi ni kigari cha mabomba tu, fremu ya chuma isiyo na milango wala vioo, matairi yenye meno, injini mgongoni, lakini hupanda mlima kama mbuzi. Alijikamua akiba, wenzake wa zahanati wakamchangia, kisha akaenda kwa shemeji yake.

"Mimi mtoto akija vibaya tumboni najua," alimwambia. "Gari likija vibaya sijui. Twende ukanijaribie. Ukisema ndiyo nalichukua, ukisema hapana naliacha. Ni akina mama nitawabeba humo, shemeji. Si mihogo."

"Hilo niachie mimi," alijibu Sawasawa.

Asubuhi ya kwenda kulijaribu, mke wake alimpigia pasi shati jeupe, lile la kutokea, ambalo kola yake ilisimama yenyewe. "Leo unakwenda kwa watu," alisema. "Usiende kama umezaliwa ndani ya pipa la oili." Sawasawa alijitazama kwenye kioo cha kabati, akavuta tumbo ndani, akaona kwamba kumbe bado yumo.

Muuzaji alikuwa na uwanja wa magari chakavu yaliyooshwa yakang'aa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ya huyu bwana yalikuwa yakijitembeza hadi barabarani. Alimwona mkunga, akaliona shati, akajua wa kumshika ni nani. "Karibu sana, injinia!" alisema, akampa mkono kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyewahi kumwita Sawasawa injinia. Neno lile lilimwingia kichwani kama kikombe cha chai ya moto asubuhi ya baridi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Alitembea tofauti. Aliongea tofauti. Watu wachache waliokuwa wakipita walisimama uzioni kutazama, na yeye, mtu wa kulala chini ya magari maisha yake yote, akajiona anatazamwa.

Aliliwasha bagi, akasikiliza injini, ilikuwa nzima. Akaliendesha uwanja mzima akitimua vumbi, akalipandisha kwenye lundo la kifusi na kulirusha upande wa pili, wale wa uzioni wakapiga makofi. Mikono yake kwenye usukani iliona kitu. Bagi lilikuwa linavuta kushoto, kidogo, kwa ukaidi, kama mtoto anayevutwa kwenda dukani naye hataki. Alikiona na akakielewa. Kilichobaki ni kushuka na kulala chini.

Alishuka. Akaitazama ile ardhi, nyeusi kwa oili ya miaka. Akalitazama shati lake. Muuzaji alikuwa anasema, "Injinia ameshaona mwenyewe, mimi niseme nini tena?" na watu walikuwa wanamsubiri. Sawasawa akashika magoti yake, akainama kidogo, akachungulia kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, akasimama.

"Vipi, shemeji?" aliuliza mkunga. "Ni zima?"

"Linavuta kidogo upande. Ni magurudumu tu, nitayapanga." Akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Sawasawa."

Mkunga akamkumbatia pale pale mbele za watu, akamwambia ananuka sabuni leo, kuna nini, na wakaondoka na bagi lao.

Ukweli aliukuta gerejini kesho yake, wenzake walipokwenda kula. Aliliinua kwa jeki, akalala chini akiwa na ovaroli yake, akaanza kugonga bomba kubwa la chini ya kiti cha dereva kwa nyundo ndogo. Chuma kizima huimba. Hiki kiliimba, kiliimba, halafu karibu na mkono wa gurudumu la mbele kushoto kikanyamaza, kikatoa sauti ya kitu kilichojazwa. Akagonga tena. Puti ya kuzibia mashimo ikamdondokea usoni, vipande vipande, na rangi yake. Nyuma yake bomba lilikuwa limevunjika zamani, likaunganishwa na mtu ambaye hakujua anachofanya au hakujali, kisha likasiribwa. Ufa ulilizunguka nusu.

Alibaki amelala pale muda mrefu, puti ikiwa kwenye nyusi. Aibu ilimpanda kutoka vidole vya miguu. Si kwamba aliibiwa, hilo angelivumilia. Ni kwamba alikuwa amesimama badala ya kulala chini. Kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekiona, yeye hakukiona kwa ajili ya kola ya shati.

Mambo yalikuwa bado mepesi wakati ule. Angemwita shemeji akamwambia, "Nimekosea, sikulala chini," na angetukanwa matusi ya mwaka mzima, halafu wangekwenda pamoja kumkaba muuzaji. Au angeshusha injini, akalikata bomba lote na kuweka jipya, kazi inayojulikana. Lakini kazi hiyo haifichiki. Angeulizwa mbona analifumua bagi alilosema ni zima. Jina lake lingekuwa wimbo wa vijiweni. Basi alifanya kitu ambacho angemfukuzia fundi yeyote. Kabla wenzake hawajarudi, alikata kipande cha chuma, akakibandika juu ya ufa kwa kuchomelea haraka haraka, akasugua, akapaka rangi nyeusi. Kiraka. Akajiambia kitashika.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuongeza. Kila alipokuwa karibu na bagi lile alitaka macho ya watu yaende juu, yasiende chini. Aliinua springi. Akafunga taa kubwa mbele. Akatengeneza kitanda cha mgonjwa upande wa nyuma, chenye godoro na mikanda, na juu yake paa la turubai la kuzuia mvua na jua. Kilikuwa kitu kizuri, sitamnyima haki yake. Watu walitoka mtaa wa pili kuja kukiona. Lakini kila alichoongeza kilikuwa na uzito wake, na uzito wote ulikwenda kukaa kwenye bomba lile lile, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Mkunga alikuwa akipita kila aliposhuka mjini. Siku moja alilala juu ya kile kitanda, akajifunga mikanda, akafumba macho.

"Nikizaa tena nizalie humu," alisema. "Kitanda cha zahanati hakifikii hiki. Mzee wa grisi, wewe ni mtu na nusu. Nitamwomba radhi dada yangu kwa yote niliyowahi kusema."

"Acha maneno yako," alisema Sawasawa, akainama kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

"Ona anaona haya! Jamani, njooni mwone mzee anaona haya!"

Fundi wa umeme, ambaye wote walimwita Waya kwa wembamba wake, alikuja akacheka. Wote walicheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo, lakini huyu alikuwa ameshalitia maji kabla ya sifa, na sasa kila sifa ilimpiga kama kofi. Alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Chakula alikichezea. Mke wake akadhani ni tumbo.

Mara kadhaa alikaribia kusema. Alikuwa akianza, "Shemeji, lile bagi..." naye mkunga angemwahi, "Najua, najua, unataka liitwe kwa jina lako," na wakati ungepita.

Siku ya jaribio ilifika. Machimbo yalijaa watu kuliko alivyotaka. Mke wake alikuja na khanga mpya kichwani, akamletea lile shati jeupe limekunjwa vizuri. "Watapiga picha," alisema. "Vaa." Akalivaa. Lilimbana shingoni.

Njia ya jaribio ilikuwa inajulikana. Kwanza mteremko mdogo wa mchanga, halafu uwanja wa mawe makubwa makubwa, halafu kule mwisho ule mteremko mkali unaoishia kwenye shimo la kokoto, ambao ndio uliokuwa unatoa hukumu. Mkunga alikaa kwenye usukani, akafunga mkanda. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi kikimsubiri fundi. Sawasawa alipiga hatua kukiendea, na kwa mara ya kwanza tangu aiweke sheria yake mwenyewe, miguu haikutaka.

Mke wake akampita. Akakikwea kile kiti kama msichana, akajifunga mkanda, akapiga makofi.

"Eh, mama!" alisema Waya. "Hicho kiti cha fundi. Aliyefunga ndiye anayekaa."

"Fundi ni nani na mke wake ni nani? Nikikaa mimi amekaa yeye. Miaka yote nafua mashati yake, leo nikatazwe kupanda?" Akamgeukia mumewe, uso wote unacheka. "Au vipi, baba watoto?"

Watu wote wakamtazama. Naye Sawasawa akasema, "Sawasawa."

Hapo ndipo penyewe. Ufa ni chuma, kiraka ni woga, hata uongo una dawa yake. Lakini neno lile lilipomtoka, kabla hajafikiri chochote, alisikia nafuu. Nafuu tamu kabisa, ikishuka kifuani mpaka tumboni, kwamba si yeye atakayekaa. Ilikuwa ya muda mfupi tu, muda wa bagi kuwaka na kutoa moshi. Halafu akaielewa ile nafuu ni ya nini, na ni nani aliyeketi pale badala yake.

Bagi likashuka mteremko mdogo, likazama kidogo kwenye mchanga, likatoka. Watu wakashangilia. Likaingia kwenye mawe, likainuka upande huu, likalala upande ule, khanga ya mke wake ikipepea. Alikuwa amegeuka nyuma anampungia mkono mumewe.

Sawasawa akakimbia.

Alikimbia na tumbo lake na magoti yake, kwa viatu vya kutokea, akiteleza kwenye mchanga. Watu wakadhani ni furaha. Wakampigia miluzi, wakamwita kwa jina, "Sawasawa! Sawasawa! Sawasawa!" kama timu iliyofunga bao. Alikata njia kati ya mawe, akaanguka, akainuka, akafika mbele ya bagi pale linapoingia mteremko mkali, akatanua mikono. Mkunga alikanyaga breki, magurudumu yakaburuza, bagi likasimama taa zake mpya zikiwa zimemgusa Sawasawa kifuani.

"Shemeji, una wazimu? Unataka kufa?"

Pumzi hazikuwapo. Akaonyesha chini kwa kidole. Kisha akalala chali kwenye kokoto, na shati lake jeupe, akajisukuma kwa visigino mpaka chini ya bagi, pale alipotakiwa kulala tangu siku ya kwanza.

Mkunga alimtazama dada yake, akashuka. Naye hakujali sare. Alilala upande wa pili, akatoa kitochi kidogo anachokuwa nacho mfukoni sikuzote kwa ajili ya kazi yake, akamulika kidole cha Sawasawa kilipo. Kiraka kilikuwa kimeachia upande mmoja. Ufa ulikuwa umekipita, umekwenda mbele, mwembamba, umebakiza chuma kidogo sana. Mkunga aliugusa kwa ukucha.

"Hiki kipande kipya," alisema taratibu. "Nani amekiweka?"

"Mimi."

"Ulijua lini?"

"Tulipolileta tu. Kesho yake."

Juu yao mke wake alikuwa anauliza kuna nini huko chini, mbona wamenyamaza, au wamelala usingizi. Watu walikuwa wanashuka mteremko kuja kuona. Mkunga alizima tochi. Uso wake ulikuwa karibu sana na wa Sawasawa, na Sawasawa alisubiri matusi. Aliyataka. Angeyapokea yote kama mvua.

"Na dada yangu ukampa kiti," alisema mkunga.

Lile alilokuwa nalo Sawasawa la kujitetea, kwamba amekimbia, kwamba si alikuja, aliliacha, kwa sababu aliona kwamba mkunga ameiona hata ile nafuu yake. Wakunga wamezoea kusoma nyuso za watu ambao hawawezi kusema.

"Huyo wa juu asijue," alisema mkunga kwa sauti ya chini. "Nanyamaza kwa ajili yake. Si kwa ajili yako."

Akatoka, akajikung'uta, akawageukia watu waliokwisha kufika. "Chuma kimepata ufa," alisema kwa sauti kubwa ya zahanati, ile ya kuwatuliza ndugu wa mgonjwa. "Fundi ameusikia akatuwahi. Tusukumeni bagi, lisiendeshwe."

"Ameusikia kutoka kule?" aliuliza Waya.

"Kutoka kule," alijibu mkunga.

Kelele zilizotokea hapo hazisimuliki. Walimtoa Sawasawa chini ya bagi wakambeba juu juu. Mke wake alikuwa analia na kucheka, anampangusa mchanga usoni kwa khanga, anasema mbele za watu wote, "Mume wangu! Mume wangu anasikia chuma!" Mgongo wa shati ulikuwa umechanika na kujaa oili. Ndivyo alivyopigwa picha, na picha ile iko ukutani kwao hadi leo, imewekewa fremu.

Bagi alilifumua lote. Alishusha injini, akakata bomba bovu, akaweka jipya la chuma kinene, akachomelea taratibu akilaza mshono juu ya mshono, akapunguza uzito wa paa, akahamisha kitanda. Kazi aliyoogopa kuonekana anaifanya aliifanya mchana kweupe, mbele ya gereji nzima, na hakuna aliyemcheka. Walimletea chai. Waliwaleta wageni wamwone. Jaribio la pili alikaa mwenyewe kwenye kiti cha pembeni, mkunga akiwa kwenye usukani, na walishuka ule mteremko mkali mpaka shimoni na kupanda tena, hakuna kilicholia. Mkunga hakusema neno njia nzima, ila alipoegesha alisema, "Asante sana, shemeji. Mungu akubariki." Sawasawa alisubiri kidogo kwenye kiti, labda kuna la ziada. Hapakuwa na la ziada.

Akina mama wanabebwa sasa. Watoto wamezaliwa kwenye kile kitanda, tena wenye afya, na mmoja, inasemekana, baba yake alitaka kumpa jina la fundi. Sawasawa aliposikia hivyo alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo mpaka moyo ukatulia.

Neno lake lenyewe ameliacha. Akimaliza gari humwambia mwenye gari, "Njoo uone," na kumtandikia gunia ili naye alale chini atazame. Wateja wanaona ni ufundi wa hali ya juu. Wanasimuliana habari za masikio yake. Kuna waliokuja na magari yao wakitaka asimame mbali tu, asikilize.

Mkunga huleta bagi kila linapohitaji oili au kukazwa. Huingia gerejini na sare yake, hashiki pua, hapazi sauti. Husimama mbele ya Sawasawa, huinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," hujibu Sawasawa, maana akinyamaza watu watashangaa.

Kisha mkunga huchukua gunia mwenyewe, hulitandika, hulala chini ya bagi na kitochi chake, hupitisha ukucha kwenye mshono wote, hata ule ambao ameshauona mara nyingi. Huinuka, hushukuru, huondoka.

Juzi mke wake alikuwapo, amemletea mumewe chakula, akayaona yote hayo. Alisubiri bagi lipotelee barabarani, akamgeukia Sawasawa akiwa amejaa furaha.

"Umemwona mdogo wangu anavyokuheshimu siku hizi? Ule mdomo wake wote umekwisha. Tangu ulipotuokoa anakuamkia kama baba yake." Akampangusa vumbi begani. "Mimi nilijua tu, siku moja atakujua wewe ni mtu wa namna gani."

Sawasawa alifunua bakuli, akalifunika tena. Alisema kuna gari anataka kuliangalia kidogo. Akachukua gunia, akalitandika chini ya gari lililokuwa karibu, gari zima lililomalizwa tangu asubuhi, lisilo na tatizo lolote, akalala chali huko chini hadi mke wake alipokwenda zake.